Mlango wa Jikoni wa Fundi Futi

Fundi Futi hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, isipokuwa mtu anayesema "weka hapo katikati" bila kupima. Katikati ya wapi? Alikuwa seremala kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia chumba cha mtu akatoka bila kujua urefu wake, upana wake, na dirisha linatazama wapi. Hata siku ile alipokwenda kuposa, wajomba wa binti wamekaa na heshima zao wanasubiri maneno matamu, yeye alikuwa anakadiria kimoyomoyo upana wa kabati lililokuwa nyuma yao. Binti akachungulia, akaona midomo ya kijana inavyochezacheza, akadhani anasali. Akampenda kwa ajili hiyo. Jamani, mapenzi nayo!

Binti huyo ndiye Mama Pacha, mchapaji katika ofisi ya shule, mwanamke wa vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Pacha wenyewe walishakua, wako chuoni. Nyumbani walibaki watu wawili na mlango mmoja mbovu.

Mlango huo ulikuwa wa jikoni, ule wa kutokea uani. Ulivimba wakati wa mvua, na mvua ilipokwisha ukakataa katakata kurudi hali yake. Kuufungua ilibidi uinue kitasa, ujikaze, kisha uusukume kwa nyonga. Mama Pacha aliufungua hivyo kila siku ya Mungu, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine na beseni la nguo, na kwenye nyonga ya kushoto alikuwa na alama nyeusi iliyokataa kupona. "Baba Pacha, mlango," alikuwa akisema. "Kesho," anajibiwa. Kesho hiyo ilikuwa imefikisha miaka mitatu. Na karakana ya Fundi Futi, msidhani iko mji mwingine; iko uani hapohapo, futi thelathini na moja kutoka kwenye mlango huo. Alipima.

Milango ya mtaa mzima ilifunguka kwa kidole. Wa kwake ulifunguka kwa mfupa wa mkewe.

Sasa, mtu kama huyu aliingiaje kwenye mambo ya kuandika hadithi? Aliingia kwa hasira. Kulikuwa na Mhariri wa kampuni moja ndogo ya vitabu, bwana wa miwani na haraka nyingi, aliyemwita amtengenezee rafu za ofisini. Fundi alipokuwa anangoja vanishi ikauke, akavuta kitabu kimoja asome. Ukurasa wa nne, mpenzi anaingia chumbani, dirisha liko kushoto kwake. Ukurasa wa kumi na moja, mpenzi huyohuyo, chumba hichohicho, amefumaniwa, anaruka dirishani upande wa kulia. Fundi Futi akatoa penseli sikioni, akageuza karatasi ya msasa, akachora kile chumba. Akachora tena. Damu ikamchemka.

"Chumba hiki hakijengeki!" akamwambia Mhariri. "Huyu mtu hajatoka nje. Ameruka akaangukia kabatini!"

Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. "Fundi, kama unaona unamzidi, andika chako."

Alisema kwa utani tu. Lakini kuna watu ambao hupaswi kuwatania mbele ya penseli.

Fundi Futi aliandika katika daftari lilelile la vipimo vya wateja, na aliandika kiseremala. Kwanza anachora chumba. Halafu anachukua misumari miwili, mrefu ndiye mwanamume, mfupi ndiye mwanamke, anaisimamisha juu ya mchoro na kuisogeza. Hakuna aliyefungua mdomo katika hadithi yake kabla haijajulikana amesimama futi ngapi kutoka ukutani. Akachagua jikoni, kwa sababu moja tu: kipimo cha jiko lake alikuwa nacho kichwani, hakuhitaji kwenda kuomba ruhusa kwa mtu.

Na hadithi yenyewe, haki ya nani, ilikuwa nzuri. Mwanamke amechoka na mume asiyesikia la mtu. Amefungasha begi, anaondoka kupitia jikoni, anafika mlangoni, mlango umekwama. Kuomba msaada hataki, ana kiburi chake. Mume yuko mezani, kujitolea hataki, naye ana cha kwake. Basi wamebaki humo kurasa kumi na moja, mmoja anasukuma, mwingine anajitia hamnazo, na kwa kuwa hakuna pa kwenda, maneno yaliyolala miaka ishirini yakaanza kutoka moja moja. Mwisho wanausukuma mlango pamoja, unafunguka kwa ghafla, wote wawili wanaangukia uani na kucheka mpaka machozi.

Mama Pacha ndiye aliyeichapa, kwenye kompyuta ya shule, saa ya chakula cha mchana. Alianza kwa kucheka. Alipofika ukurasa wa tano akaacha kucheka. Hapo palikuwa pameandikwa kwamba mwanamke anasukuma kwa nyonga ya kushoto, maana ya kulia ina beseni, na kwamba anauma meno kabla ya kusukuma. Akajifuta macho kwa upande wa mkono. Kumbe anaona! Miaka mitatu yote hii, kumbe anaona. Haya alikuja kumsimulia dada yake baadaye, na dada yake si mtu wa kufunga mdomo, ndiyo maana leo tunayajua.

Jioni ile akamletea mumewe chai karakanani, akakaa juu ya kipande cha mbao.

"Baba Pacha, kumbe unaona."

"Naona nini?"

"Mlango. Na hii nyonga yangu."

"Enhee! Imekaa vizuri, siyo?" Uso wa Fundi ulimeremeta. "Nilihesabu. Kutoka mezani hadi mlangoni ni futi saba na nusu. Kwa hiyo akipiga hatua ya tatu, lazima beseni..."

Mama Pacha alinyanyuka na kikombe chake. Kwa mbali Fundi alisikia kishindo kile cha kila siku, dhu! mlango ukifunguliwa, na akaendelea kupiga msasa.

Mhariri, tuseme ukweli, alikuwa na desturi ya kusoma ukurasa wa kwanza tu. Alisema mtu aliyekula vitabu miaka mingi anajua harufu. Akaunusa ukurasa wa kwanza wa Fundi, akaweka karatasi mezani.

"Una kipaji, fundi. Tatizo ni jikoni."

"Jikoni kuna nini?"

"Hakuna kitu, ndilo tatizo lenyewe. Msomaji ametoka jikoni kwake amekuja kununua kitabu apumzike, wewe unamrudisha jikoni! Mpeleke hotelini. Nyota tano. Watu walewale, maneno yaleyale, badilisha mahali tu."

Alilisema hilo la kubadilisha mahali kama mtu anayeomba kiti kisogezwe kidogo. Fundi Futi naye, kichwa kimeshavimba kwa neno kipaji, akaitikia.

Alivaa shati lake la sherehe, akaenda hotelini, akapiga magoti kwenye sakafu inayong'aa na kuvuta futi kamba kutoka mapokezi hadi mlangoni. Mlinzi akamjia kwa adabu.

"Mzee, umepoteza nini?"

"Sijapoteza. Natafuta atakaposimama mke."

"Mke wa nani?"

"Bado sijampa jina."

Mlinzi alimshika kiwiko, akamsindikiza hadi barabarani. Lakini Fundi alikuwa ameshapata alichotaka, na alichopata ndicho kilichomuumbua. Milango ya hoteli ile ilikuwa ya vioo, tena inafunguka yenyewe. Nyumbani akasimamisha misumari yake. Mwanamke akachukua begi, akaelekea mlangoni, mlango ukajifungua, akaenda zake. Ukurasa mmoja na nusu! Mume hata koo hajasafisha. Fundi akamrudisha ndani, akatoka tena. Akamrudisha mara sita, mara sita akatoka, na hakuna hata aliyemwuliza anakwenda wapi. Mwishowe Fundi akakata umeme wa hoteli nzima ili milango igome. Mhariri akamkumbusha kwamba nyota tano zina jenereta.

"Halafu hoteli zenyewe zimejaa," akaongeza. "Mwaka huu waandishi wote wako hotelini. Nakuona angani."

"Angani kwenye ndege?"

"Ndege za nini! Anga za juu, fundi. Chombo. Nyota nje ya dirisha. Watu walewale, badilisha mahali tu."

Hapo mtu mwenye akili zake angeomba karatasi zake na kurudi kwenye meza na vitanda. Lakini Fundi Futi alikuwa ameshaonja. Shida ikawa, chombo cha anga utakipimia wapi? Mtaa wa pili palikuwa na tangi la maji la plastiki, lita elfu kumi, limelazwa chini lisafishwe. Mwenye tangi alitoka nyumbani akakuta miguu miwili ya mtu mzima imetokeza kwenye tangi lake, na ndani mwanga wa tochi unahangaika, na sauti inasema, "Hapa wakigombana watasikia mwangwi!" Mtaa mzima ulivunjika mbavu kwa wiki. Mama Pacha alivunjika kitu kingine.

Kwenye chombo cha anga, mwanamke alifungasha begi lake kama kawaida. Akaufikia mlango. Mlango wa chombo cha anga haukwami. Umetengenezwa na watu makini. Akaufungua, akatoka, na kwa kuwa nje hakuna hewa, akafa hapohapo na begi mkononi.

Siku ya Jumatano Mama Pacha alirudi kutoka kazini na karatasi hizo zimechapwa vizuri, hakuna hata kosa moja. Akaziweka mbele ya mumewe.

"Baba Pacha, nimekufa."

"Siyo wewe, ni yule wa hadithini! Na siyo mimi niliyemuua, ni mahali penyewe. Kule hakuna hewa."

"Aliyempeleka kule nani?"

Fundi akaanza kueleza habari za Mhariri na soko. Mama Pacha alimsubiri amalize. Hakupandisha sauti, na Fundi angefurahi kama angepandisha.

"Mwanamke huyu umemhamisha mara mbili. Ukampa hoteli, ukampa nyota. Kwa ajili yake umelala ndani ya tangi la watu. Mimi nimeomba mlango mmoja, miaka mitatu. Jumamosi nakwenda kwa dada. Siendi kumsalimia, nakwenda kukaa. Nimechoka kuishi na mtu anayeniona daftarini tu."

Moyo wa Fundi Futi ulishuka mpaka kwenye viatu. Kwa sababu ukweli lazima usemwe: alimpenda mwanamke yule. Alimpenda tangu siku ya kabati la wajomba. Usiku huo hakula vizuri, na akajiapia kwamba kesho, na safari hii kesho ya kweli, atautengeneza mlango. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Alhamisi asubuhi akatoa randa, akaitia makali, akainuka. Simu ikalia.

"Fundi!" Mhariri alikuwa anahema. "Majiko yamerudi!"

"Yamerudi wapi?"

"Sokoni! Kila mtu anataka jikoni sasa. Anga imekufa. Rudisha watu jikoni haraka, nachapa mwezi ujao. Ila liwe jiko la kisasa, sawa? Hakuna mambo ya mlango kukwama, wasomaji wataona ni umaskini. Mlango ufunguke polepole, bila kelele."

Kitabu! Mwezi ujao! Siku mbili Fundi alikaa na misumari yake asipate kitu, kwa kuwa mlango wa jikoni unaofunguka bila kelele hakuwahi kuuona, na yeye kitu ambacho hakijapimwa hakiandiki. Jumamosi asubuhi akapata dawa.

Mama Pacha alikuwa chumbani anakunja nguo aliposikia sauti ya randa. Miaka yote ameishi na sauti hiyo, lakini safari hii haikutoka karakana, ilitoka jikoni. Akaacha kukunja. Akasikiliza. Shii, shii, shii. Akatoka na begi mkononi, akasimama. Maranda yametapakaa sakafuni, mlango umepakwa mafuta bawaba zote, mumewe amepiga goti anakaza parafujo ya mwisho, jasho linamtiririka. Alikuwa mzuri wa kutazama akiwa kazini, hilo halikuwahi kubadilika. Mama Pacha akaweka begi chini.

Hapo ndipo mume wa kawaida angenyamaza. Angenyamaza tu! Kunyamaza hakuhitaji hata futi kamba. Lakini Fundi Futi aligeuka, akamwona, akachomoa penseli sikioni.

"Vizuri umekuja. Hebu pita hapa, pita kawaida tu, na begi lako hilohilo. Nataka kuhesabu."

Mama Pacha alimtazama, akautazama mlango, akamtazama tena.

"Umeutengeneza kwa ajili ya nani?"

Angeweza kudanganya. Mtaani kuna waume wangetoa jibu la kumliza mwanamke kwa furaha na kulala usingizi mzuri. Lakini huyu hakuwahi kumtajia mtu kipimo ambacho hakupima.

"Mhariri," akasema. "Anataka jiko la kisasa."

Mama Pacha aliinua begi. Akagusa mlango kwa kidole kidogo cha mwisho, na mlango ukafunguka polepole bila kelele, kama ulivyotakiwa. Akatoka, ukajifunga nyuma yake. Na Fundi Futi, Mungu amsamehe, alihesabu. Akaandika daftarini: sekunde nne. Ndipo akasoma alichoandika.

Alikaa chini pale jikoni. Kurasa kumi na moja za maneno, zile ambazo mume wa hadithini alizipata bure kwa sababu mlango ulikwama, sasa zilikuwa sakafuni, zimejikunja, ni maranda. Alikuwa amezipunguza kwa mkono wake mwenyewe. Akasubiri, hata hakujua anasubiri nini, mpaka akaelewa kwamba anasubiri ile dhu! Miaka mitatu sauti ile ilimwambia, yeye yuko karakanani, kwamba mkewe amerudi, chai inakuja, nyumba ina mtu. Alikuwa akiisikia kila siku na akiipenda. Hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba ni sauti ya mfupa wa mtu. Akalia, tena si kidogo, seremala wa miaka hamsini na moja amekaa kwenye maranda.

Simu ikalia. Mhariri.

"Vipi, fundi, mwanamke anatoka vizuri?"

"Anatoka vizuri sana."

"Safi! Na mlango?"

"Haukwami. Ameondoka, bwana. Ameondoka kweli."

"Ndiyo huo ukweli tunaoutaka! Uandike hivyohivyo. Halafu fundi, nilikuwa nafikiri, jiko lenyewe likiwa kwenye treni..."

Fundi akakata simu. Akaiweka juu ya meza, akaweka daftari pembeni yake, akaweka penseli, akaweka misumari miwili. Mwisho akafungua mkanda na kuitoa futi kamba, ambayo ilikaa pale kiunoni tangu kabla pacha hawajazaliwa. Akatoka bila hata kufunga nyumba.

Dada wa mkewe alikuwa amehamia nyumba mpya mwezi uliopita, na Fundi hakuwahi kufika. Aliuliza njia mara tatu. Aliyemfungulia ni shemeji mwenyewe, mikono kiunoni.

"Shemeji. Umekuja kupima?"

Fundi akainua mikono mitupu, akageuka ili amwone na kiuno. Shemeji akashtuka, maana bila ile futi kamba mtu alionekana kama amekonda. Akasogea pembeni, lakini hakumkaribisha kiti. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kochi mwisho wa sebule, begi liko miguuni, hajalifungua.

"Umekuja kuniandika?"

"Hapana."

"Mlango hauna taabu?"

"Mlango..." Akaliacha neno hilo. "Nyonga inauma kiasi gani?"

Hilo hakuwahi kuuliza. Mama Pacha alimkazia macho kama anavyomkazia mwanafunzi aliyekuja ofisini na cheti cha uongo.

"Baba Pacha, sebule hii ina upana futi ngapi?"

Shemeji akakunja mikono, akangoja. Na mimi nikisimuliwa nilingoja, kwa sababu nilimjua mtu yule. Angekuambia upana wa chumba alichopita anakimbia.

"Sijui," akasema Fundi Futi.

"Dirisha liko upande gani?"

Dirisha lilikuwa kubwa, jua lote la saa tisa linaingilia hapo. Macho yake hayakutoka kwa mkewe.

"Sijui."

"Na kutoka hapo mlangoni hadi hapa nilipokaa, kuna umbali gani?"

Alifungua mdomo. Ukajifunga wenyewe. Ukafunguka tena.

"Ni mbali," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya shemeji. "Ni mbali sana, Mama Pacha."

Mama Pacha akasukuma begi kwa mguu, akasogea kidogo kwenye kochi kumpa nafasi.